Mgonjwa na Ageuzwe: Vidonda vya Kulalia na Jinsi ya Kuvizuia

Yako maradhi ambayo mtu hutoka nayo nyumbani kwake, na liko dhara moja ambalo hulipata palepale alipokwenda kutafuta uzima. Dhara hilo ni kidonda cha kulalia. Mtu hupelekwa hospitali kwa sababu ya mguu uliovunjika, au kupooza upande mmoja, au homa iliyomwondolea nguvu zote. Dawa anapewa na homa inashuka. Halafu, anapooshwa, huonekana chini ya kiuno chake alama ndogo isiyomsumbua sana. Baada ya majuma machache alama ile yaweza kuwa shimo ambalo mfupa unaonekana ndani yake. Mguu umekwisha kuunga, lakini mgonjwa hawezi kurudi kwao. Na pengine hatarudi kamwe, kwa maana uchafu wa kidonda ukiingia katika damu huua.

Jambo hili si geni, wala si la nchi moja. Hutokea Ulaya na Marekani, katika hospitali zenye kila chombo, kama litokeavyo Afrika. Walakini ndani yake imo habari ya kutia moyo: vidonda vingi vya namna hii vyaweza kuzuiwa, na vitu vinavyotakiwa zaidi ya vyote ni mikono ya watu, saa ya ukutani, na daftari linaloandikwa kwa uaminifu.

JINSI KIDONDA KINAVYOANZA

Nyama ya mwili hulishwa na damu kama bustani inavyolishwa na mfereji. Mfereji ukizibwa kwa muda mfupi mimea haidhuriki. Ukizibwa mchana kutwa, hunyauka. Ukizibwa juma zima, hufa. Mishipa iliyo chini ya ngozi ni myembamba kuliko unywele, na uzito wa mwili unapoikandamiza kati ya mfupa na godoro, damu haipiti.

Mtu mwenye afya hujigeuza mara nyingi usiku mmoja bila kujua, kwa sababu nyama iliyobanwa hupeleka habari kwenye ubongo, na ubongo huuamuru mwili ugeuke. Aliyepooza haipati habari ile. Mzee dhaifu huipata, lakini hana nguvu za kuitii. Aliyezimia, na aliyetiwa dawa ya usingizi kwa ajili ya kupasuliwa, hawana habari yo yote. Watu hao wote hulala kama gogo, na mahali pa kwanza kudhurika ni pale mfupa ulipo karibu na ngozi: kwenye kifandugu, nyonga, visigino, viwiko, mabega na kisogo.

Mwaka 1959 daktari wa Marekani aitwaye Michael Kosiak alieleza majaribio aliyoyafanya kwa wanyama, akaonyesha kwamba mkandamizo mdogo unaodumu muda mrefu hudhuru kama mkandamizo mkubwa wa muda mfupi. Kwa hiyo shuka laini peke yake haimwokoi mgonjwa asiyegeuzwa. Tena kidonda kina wasaidizi wake. Jasho na mkojo hulainisha ngozi hata ikachubuka upesi. Chakula kidogo humnyima mgonjwa nguvu za kujenga nyama mpya. Na mgonjwa aliyeegemezwa nusu ameketi huteleza polepole kuelekea miguuni; ngozi yake hushikwa na shuka, mifupa yake huendelea kushuka, na mishipa iliyo katikati huvutwa na kukatika.

Ubaya mwingine wa kidonda hiki ni kwamba mara nyingi huanzia ndani. Nyama iliyo juu ya mfupa yaweza kufa kabla ngozi haijapasuka, kama vile nguzo ya nyumba iliyoliwa na mchwa inavyosimama ikionekana nzima mpaka siku inapoanguka. Kwa hiyo waganga huvigawa vidonda hivi katika madaraja manne. Katika daraja la kwanza ngozi bado ni nzima, lakini rangi yake imebadilika na haibadiliki tena hata ikiondolewa uzito. Katika la pili ngozi imechubuka. Katika la tatu kidonda kimefika kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi, na katika la nne kimefika kwenye nyama, kano au mfupa. Daraja la kwanza laweza kupona kwa siku chache likiondolewa uzito. Daraja la nne laweza kuhitaji miezi mingi, na pengine kisu cha daktari.

WALIODHANI HAKUNA LA KUFANYA

Kwa muda mrefu waganga wengi walidhani kwamba vidonda hivi havizuiliki. Katika karne ya 19 daktari mashuhuri wa Paris, Jean-Martin Charcot, alifundisha kwamba kwa watu walioumia ubongo au uti wa mgongo, kidonda huletwa na ule upungufu wa neva wenyewe. Aliyefuata mafundisho hayo aliona kidonda kuwa ishara ya mauti, na hakuona sababu ya kujisumbua.

Lakini alikuwako mtaalamu mwingine, Charles-Édouard Brown-Séquard, aliyezaliwa mwaka 1817 katika kisiwa cha Mauritius, kwenye Bahari yetu hii ya Hindi. Yapata mwaka 1853 alifanya majaribio kwa wanyama wadogo waliokatwa uti wa mgongo, akaona kwamba wakiwekwa pakavu na safi, na wasiachwe kulalia upande mmoja, hawapati vidonda. Huko Uingereza naye Florence Nightingale, katika kitabu chake juu ya uuguzi kilichotolewa mwaka 1859, alikihesabu kidonda cha kulalia miongoni mwa mambo ambayo kwa kawaida hutokana na upungufu wa uuguzi kuliko ugonjwa. Maneno hayo yalikuwa ya kweli kwa sehemu kubwa. Lakini kusema ni jambo moja, na kuipanga kazi ya wodi nzima, usiku na mchana, ni jambo lingine.

MGANGA ALIYEFUKUZWA KWAO

Aliyeonyesha wazi kwamba kazi hiyo yaweza kupangwa ni Ludwig Guttmann. Alizaliwa mwaka 1899 katika mji wa Tost, ambao zamani hizo ulikuwa wa Ujerumani na leo uko Poland. Mwaka 1917, akiwa kijana anayesaidia kazi katika hospitali ya majeruhi, aliletewa mchimba makaa ya mawe mwenye mwili wa nguvu ambaye mgongo wake ulikuwa umevunjika. Alipotaka kuandika habari za mgonjwa yule aliambiwa asijisumbue, kwa kuwa mtu huyo atakufa baada ya majuma machache. Ikawa hivyo. Baada ya majuma matano yule mchimba makaa alikufa, kwa sababu ya ugonjwa wa njia ya mkojo na vidonda vya kulalia.

Guttmann akawa daktari wa neva mwenye sifa katika mji wa Breslau. Alikuwa Myahudi, na mwaka 1933 serikali ya Nazi ilipotwaa madaraka aliondolewa kazini, akabaki akiwatibu Wayahudi wenzake. Mwaka 1939 alikimbilia Uingereza pamoja na mke wake na watoto wao wawili. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia serikali ya Uingereza ilimtaka aanzishe wodi ya askari waliovunjika uti wa mgongo, naye alikubali kwa sharti kwamba aachiwe kufuata njia yake mwenyewe. Wodi ile ilifunguliwa tarehe 1 Februari 1944, katika hospitali ya Stoke Mandeville, karibu na mji wa Aylesbury.

Wagonjwa waliletwa humo wakiwa wamefungwa plasta kifuani na tumboni, nao chini ya plasta walikuwa wamejaa vidonda vyenye usaha. Guttmann aliamuru plasta ziondolewe. Kisha akaweka sheria: kila mgonjwa ageuzwe kila saa mbili, mchana na usiku, bila kukosa hata mara moja. Aligeuzwa na watu kadhaa kwa pamoja, wakimwinua mwili mzima kwa mara moja ili mgongo usipindike, na mito iliwekwa mahali palipofaa ili mifupa isigusane na kitanda. Ngozi ilitazamwa kila alipogeuzwa. Kibofu cha mkojo kilitunzwa kwa usafi mkubwa. Guttmann mwenyewe alikuwa na desturi ya kutokea wodini usiku wa manane, bila kutazamiwa, ili aone kama sheria yake inafuatwa.

Wengine walimwona mkali kupita kiasi, na wengine walisema anapoteza nguvu juu ya watu ambao mwisho wao unajulikana. Lakini vidonda vilianza kufunga, na wagonjwa waliotazamiwa kufa waliketi, wakajifunza kazi, wakarudi kwa jamaa zao. Ni haki kusema kwamba dawa mpya za miaka ile, penisilini mojawapo, zilisaidia sana; lakini penisilini haiwezi kufika penye nyama ambayo damu haifiki. Mlango ulifunguliwa na kule kugeuza.

Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, wagonjwa 16 wa zamani wa vita, wanaume 14 na wanawake 2, walishindana kulenga shabaha kwa upinde na mishale katika uwanja wa Stoke Mandeville, hali wameketi katika viti vya magurudumu. Michezo ile ilikua mwaka hata mwaka, mpaka mwaka 1960 ilipofanywa Roma, na leo dunia yote huijua kwa jina la Paralimpiki. Kenya ilipeleka wachezaji wake kwa mara ya kwanza mwaka 1972, katika mji wa Heidelberg, Ujerumani. Anayeshangilia nishani za wachezaji hao na akumbuke kwamba chanzo chake ni wauguzi waliowageuza wagonjwa usiku, saa kwa saa, wakati ambapo watu wengi waliona ni kazi bure.

HESABU YA HATARI

Sheria ya Guttmann ilifaa katika wodi ambayo kila mtu aliyemo hawezi kujigeuza. Je, katika hospitali ya kawaida itakuwaje? Tufanye mfano. Wauguzi wawili wana wagonjwa 30 usiku, na kumgeuza mmoja vizuri huchukua dakika 5. Wagonjwa 30 watachukua dakika 150, yaani saa mbili na nusu; kabla ya duru ya kwanza kwisha, ya pili imekwisha kuchelewa, na hapana dawa iliyotolewa wala kidonda kilichofungwa. Lakini wakijua kwamba ni wagonjwa 6 tu walio katika hatari, duru yao itakwisha kwa nusu saa. Basi jambo kubwa ni kuwatambua hao 6 mapema.

Kazi hiyo ilifanywa na mwuguzi wa Uingereza, Doreen Norton, pamoja na wenzake, waliochunguza uuguzi wa wazee hospitalini na kutoa matokeo yao mwaka 1962. Katika siku zile wauguzi walikuwa na desturi ya kusugua migongo ya wagonjwa kwa sabuni, spiriti na dawa za kila namna. Uchunguzi ulionyesha kwamba yenye faida ni kumwondolea mgonjwa uzito kwa kumgeuza, wala si dawa za kupaka. Tena Norton alitengeneza njia ya kuhesabu hatari kwa mambo matano: hali ya mwili, hali ya akili, mwendo, uwezo wa kujigeuza kitandani, na uwezo wa kuzuia haja. Kila jambo hupewa alama kutoka 1 mpaka 4. Mwenye alama 20 hana hatari. Mwenye 14 au chini yake huhesabiwa kuwa hatarini. Mwaka 1987 wataalamu wa Marekani, Barbara Braden na Nancy Bergstrom, walitoa kipimo kingine chenye mambo sita, na ndani yake wakaingiza chakula, unyevu wa ngozi, na kule kuteleza kitandani.

Kazi ya kupima kwa njia hizi ni ya dakika chache, na karatasi moja yatosha. Yafaa ifanywe mgonjwa anapopokelewa wodini, na irudiwe kila hali yake inapobadilika.

NGOZI NYEUSI INATAKA MKONO

Hapa pana jambo ambalo wauguzi wa Afrika wanapaswa kulishika sana. Vitabu vingi vya uuguzi viliandikwa na watu waliotazama ngozi nyeupe, navyo husema kwamba dalili ya kwanza ni wekundu: muuguzi abonyeze kwa kidole, na wekundu usipofifia, pameumia. Katika ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane kabisa. Anayeungoja ataiona hatari wakati ngozi imekwisha kupasuka.

Katika ngozi nyeusi hapana budi kutumia mkono pamoja na macho. Mahali palipoanza kuharibika huweza kuwa na joto kuliko ngozi ya jirani, au baridi kuliko hiyo. Huweza kuwa pagumu, au pororo, au pamevimba kidogo. Rangi yake yaweza kuwa nyeusi zaidi, au yenye zambarau, au ngozi ikawa inang'aa. Tena mgonjwa mwenye kuhisi na aulizwe kama panamwuma. Njia njema ni kupima kwa kulinganisha, nyonga hii na nyonga ile, kisigino hiki na kisigino kile, penye mwanga wa kutosha. Mkulima hapimi joto la ng'ombe mgonjwa kwa kumtazama kwa mbali, humshika sikio. Ngozi ya binadamu haistahili uangalifu mdogo kuliko huo.

MAMBO YANAYOTAKIWA WODINI

Mafunzo ya sasa yameendelea kuliko ya mwaka 1944. Mwaka 2013 Nancy Bergstrom na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa wazee 942 katika nyumba 27 za kutunzia wazee, za Marekani na Kanada. Wengine waligeuzwa kila saa mbili, wengine kila saa tatu, na wengine kila saa nne, na tofauti kubwa haikuonekana. Lakini msomaji asifanye haraka kusema kwamba saa haina maana. Wazee wale walilala juu ya magodoro mazuri ya sponji nzito, waligeuzwa kwa wakati uliopangwa, na walichunguzwa. Penye godoro lililochoka, lililobonyea katikati mpaka mgonjwa anahisi chuma, hesabu ni nyingine. Kwa hiyo muda hupangwa kwa kutazama mgonjwa na godoro lake, na ukisha pangwa hufuatwa.

Mambo mengine ni mepesi, na hata jamaa aliye nyumbani na mzee aliyepooza aweza kuyafanya. Mgonjwa alazwe ubavu kwa kuinamishwa kidogo, mto ukiwa nyuma ya mgongo wake, asisimamishwe wima juu ya nyonga. Mto uwekwe chini ya ndama za miguu, ili visigino vining'inie bila kugusa kitanda. Asiburutwe, ainuliwe na watu wawili kwa shuka. Kichwa cha kitanda kisiinuliwe sana kwa muda mrefu, isipokuwa wakati wa kula au daktari akiagiza. Akichafuka aoshwe mara moja na kukaushwa kwa kugusagusa, si kwa kusugua. Mahali palipobadilika rangi juu ya mfupa pasikandwe kabisa, kwa kuwa kukanda huzidi kuiharibu nyama iliyo chini. Na ile pete ya mpira au ya nguo, mfano wa ngata ya kubebea mtungi, ambayo watu humkalisha mgonjwa juu yake, haifai. Hukandamiza mzunguko wote na kuinyima damu sehemu ya katikati. Apewe maji ya kutosha, na chakula cha kujenga mwili: maharagwe, maziwa, mayai, samaki au nyama, kama ugonjwa wake unaruhusu.

DAFTARI LISIWE FIMBO

Linabaki jambo ambalo makarani watalielewa upesi. Duka lisiloandika mauzo haliwezi kujua kama linapata faida au hasara. Na hospitali isiyoandika vidonda haiwezi kujua kama inaendelea au inarudi nyuma. Kila wodi yafaa kuwa na hesabu: wagonjwa wangapi wamelazwa, wangapi wamefika na vidonda kutoka kwao, na wangapi wamevipata humo humo. Hesabu hiyo ikitundikwa ukutani kila mwezi, wote wataona kama kazi yao inazaa matunda.

Lakini daftari lisigeuzwe kuwa fimbo. Muuguzi akijua kwamba ataadhibiwa kwa kila alama anayoiandika, ataacha kuandika, na kidonda kitafichwa chini ya shuka mpaka harufu ikitangaze. Tena si haki kumlaumu mtu mmoja aliyeachiwa wodi nzima peke yake usiku. Viko na vidonda vinavyotokea ingawa kila jambo limefanywa, hasa kwa mgonjwa ambaye damu yake haizunguki vizuri au ambaye yu karibu kufa. Kidonda kikitokea, la kuuliza kwanza ni hili: kitu gani kilikosekana? Je, ni watu, godoro, shuka kavu, au maarifa? Kisha kilichokosekana kitafutwe. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Na gharama ya ukuta huu, kwa miezi ya kulazwa, vitambaa, dawa na kazi ya shamba iliyolala, ni kubwa kuliko bei ya mito michache.

Jamaa nao wana sehemu yao. Wengi huja wakati wa kutazama wagonjwa wakiwa na chakula mikononi, wakaketi kando ya kitanda, wakarudi makwao. Muuguzi akiwafundisha namna ya kusaidia kumgeuza mgonjwa wao, atakuwa amepata mikono ya ziada, na jamaa watakuwa wamepata ujuzi watakaouhitaji mgonjwa atakaporudishwa nyumbani. Wala si ukosefu wa adabu kwa mwana au mke wa mgonjwa kumwuliza muuguzi kwa upole: mzee amegeuzwa saa ngapi, na atageuzwa tena saa ngapi? Katika wodi yenye utaratibu hapana haja ya mtu kukisia. Jibu limeandikwa kwenye karatasi iliyo miguuni pa kitanda, na aliyemgeuza ametia sahihi yake.